Kuziba kwa vena ya retina: uandike H34.8, H34.8110 au 9B74.1?

Makosa mengi ya msimbo wa ugonjwa huu hayaanzii kwenye kompyuta. Yanaanzia kwenye neno "mshipa". Kwa Kiswahili chetu ateri inayopeleka damu ni mshipa, vena inayoirudisha ni mshipa, na mtu akiumwa neva au ukano atasema pia ni mshipa. Daktari wa macho akiandika "mshipa mkuu wa retina umeziba, jicho la kulia", afisa kumbukumbu anafungua kitabu cha misimbo, anakutana na H34.1, anaona neno "kuu" na neno "kuziba", anaandika. H34.1 ni ateri kuu ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mgonjwa mwenye vena iliyoziba ameshaingia kwenye takwimu za ugonjwa mwingine kabisa.

Tofauti ya hayo mawili si ndogo. Ateri ikiziba, retina inakosa damu na kupauka, makula, sehemu ya katikati ya retina, inabaki na doa jekundu, na saa chache za mwanzo ndizo zenye thamani. Huyo mgonjwa anachunguzwa kama mtu aliye karibu kupata kiharusi. Vena ikiziba, damu inaingia lakini haina pa kutokea: vena zinavimba na kupindapinda, damu inavuja na kutapakaa kwenye retina, makula inajaa maji. Huyu ana matibabu ya miezi, mara nyingi sindano za ndani ya jicho zinazorudiwa, na lazima afuatiliwe ili mishipa mipya isije ikaota kwenye irisi, ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni, na kuleta glakoma, yaani presha ya jicho. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha mifumo ya misimbo, kliniki ikubaliane jambo moja: neno "mshipa" lisionekane peke yake kwenye utambuzi wa ugonjwa. Iandikwe "ateri" au "vena".

Mifumo mitatu hukutana kwenye meza za hospitali za Nyanda za Juu Kusini. Kuna ICD-10 (uainishaji wa kimataifa wa magonjwa) ya Shirika la Afya Duniani, WHO, iliyopitishwa mwaka 1990 na kuanza kutumika 1994. Kuna ICD-10-CM, ambayo ni toleo la Marekani lililorefushwa, lililoanza kutumika huko tarehe 1 Oktoba 2015. Na kuna ICD-11, iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza rasmi tarehe 1 Januari 2022. Hali ileile ya jicho huandikwa hivi kwa kila mfumo:

| Hali ya mgonjwa | ICD-10 ya WHO | ICD-10-CM | ICD-11 |
|---|---|---|---|
| Vena kuu, kulia, makula imevimba | H34.8 | H34.8110 | 9B74.1&XK9K |
| Vena ya tawi, kushoto, mishipa mipya imeota | H34.8 | H34.8321 | 9B74.1&XK8G |
| Vena ya tawi, macho yote mawili, imetulia | H34.8 | H34.8332 | 9B74.1&XK9J |
| Ateri kuu, kulia | H34.1 | H34.11 | 9B74.0&XK9K |

Soma safu ya pili kutoka juu kwenda chini. Wagonjwa watatu tofauti, msimbo mmoja. Hapo ndipo uamuzi wote ulipo.

H34.8: fupi, inakubalika, lakini haisemi kitu

H34.8 maana yake ni "kuziba kwingine kwa mishipa ya damu ya retina". Ndani yake mmewekwa vena kuu, vena ya tawi, kuziba kusikokamilika na kuziba kunakoanza. Haina upande wa jicho. Haina habari ya makula. Faida yake ni kwamba mfumo wa hospitali uliojengwa juu ya orodha ya WHO utaupokea bila kelele, na afisa yeyote aliyesoma juzuu tatu za ICD-10 anaufikia kwa hatua mbili: kwanza juzuu ya 3, ile faharasa, tafuta kuziba, kisha retina, kisha vena, halafu juzuu ya 1 kuhakikisha. Hatua ya pili ndiyo inayorukwa. Anayeishia kwenye faharasa haoni maelezo ya "haijumuishi" yaliyoandikwa chini ya H34, yanayosema kwamba kupoteza uoni kwa muda mfupi na kurudi, amorosisi fugaksi, si ya hapa, ni G45.3.

Udhaifu wa H34.8 unaonekana kwenye madai ya bima. Mgonjwa amedungwa dawa ya bevasizumabu miligramu 1.25 kwenye mililita 0.05 ndani ya jicho la kulia, na fomu inaonyesha H34.8 tupu. Anayekagua dai haoni jicho gani, haoni kama makula ilivimba, haoni kwa nini sindano imerudiwa mwezi uliofuata. Msimbo haukukosewa, ila hauelezi. Dawa yake ni maneno matatu kando ya msimbo, kwa mpangilio uleule kila siku: aina ya vena, upande, hali. Mfano:

"Vena kuu ya retina imeziba, jicho la kulia, makula imevimba. Shinikizo la juu la damu. H34.8, I10."

Mstari huo mmoja unabeba karibu kila kitu ambacho H34.8110 inakibeba, tena kwa lugha ambayo muuguzi, mfamasia na mkaguzi wote wanaisoma.

Kuhusu upande: usifupishe kwa herufi K. Kulia na kushoto zote zinaanza na "ku". Kliniki nyingine huandika RE na LE kwa Kiingereza, nyingine OD na OS kwa Kilatini, na faili moja linaweza kuwa na mitindo yote miwili kwa sababu mgonjwa alianzia hospitali ya misheni Njombe akamalizia Mbeya. Andika neno zima. Ni herufi tano au saba tu, na jicho la mtu liko hapo.

H34.8110 na wenzake: sahihi mno, lakini si wa hapa

Ukitafuta msimbo wa ugonjwa huu kwenye intaneti, majibu ya kwanza karibu yote ni ya Marekani. Ndiyo maana H34.8110 inaonekana kwenye fomu za Iringa na Mbeya ingawa haikualikwa. Programu iliyowekewa orodha ya WHO haiujui. Itaukataa, au mbaya zaidi, itakata herufi za mwisho na kubakiza kitu kisicho na maana kama H34.81.

Lakini ujue unavyosomeka, kwa sababu kuna mahali utauhitaji: mgonjwa mwenye bima ya Marekani, utafiti wa pamoja na chuo cha huko, au kijana anayejifunza kazi ya kuandika misimbo kwa mbali. H34.81 ni vena kuu. H34.83 ni vena ya tawi. H34.82 ni vena zilizojaa bila kuziba kabisa. Tarakimu ya sita, ukihesabu na herufi H, ni upande: 1 kulia, 2 kushoto, 3 yote mawili, 9 haikutajwa. Tarakimu ya saba, ule mkia, iliongezwa tarehe 1 Oktoba 2016, na inahusu H34.81 na H34.83 pekee: 0 makula imevimba, 1 mishipa mipya imeota kwenye retina, 2 imetulia.

Makosa yake yanajulikana. La kwanza, kuacha tarakimu ya saba: H34.811 tangu Oktoba 2016 si msimbo kamili, na dai linarudi. La pili ni kinyume chake, kuibandika tarakimu ya saba kwenye H34.82, ambayo haina, H34.821 inaishia hapo. La tatu, kuongeza msimbo mwingine wa uvimbe wa retina pembeni ya mkia 0, wakati uvimbe umeshasemwa na mkia wenyewe. La nne ni la macho mawili yasiyofanana. Kama kulia makula imevimba na kushoto pametulia, 3 haifai, kwa sababu 3 na mkia mmoja zitasema macho yote yana hali moja. Andika misimbo miwili: H34.8110 na H34.8122.

Na 9, "upande haukutajwa", usiitumie kamwe kwa mgonjwa ambaye daktari amemwangalia nyuma ya jicho. Daktari alijua ni jicho gani. Faili lirudishwe kwake.

Mfumo huu una mapengo pia. Vena iliyoziba nusu ya retina, juu au chini, haina nafasi yake peke yake. Daktari ndiye aseme anaihesabu kama vena kuu au tawi, na kliniki nzima ifuate uamuzi mmoja. Vilevile mkia hausemi kama retina imekosa damu kwa kiasi kikubwa au kidogo, jambo ambalo kwa daktari ni zito kuliko yote, maana retina iliyonyimwa damu ndiyo inayoleta glakoma ya mishipa mipya ndani ya miezi michache ya mwanzo. H34.8 haisemi hilo, wala mkia wa Marekani hausemi. Liandikwe kwa maneno.

9B74.1: mahali ugonjwa ulipotenganishwa vizuri

ICD-11 imefanya jambo dogo lenye faida kubwa kwetu: ateri na vena zimetengana waziwazi. 9B74.0 ni ateri za retina, 9B74.1 ni vena. Lile kosa la "mshipa" tulilolianza nalo linakuwa gumu kutokea, kwa sababu hakuna tena neno "kuu" la kumvuta afisa kwenye ateri.

Upande huongezwa kwa alama ya & na msimbo wa nyongeza: XK9K kulia, XK8G kushoto, XK9J yote mawili. Ugonjwa mwingine uliopo huunganishwa kwa mkwaju. Vena imeziba kulia kwa mtu mwenye presha: 9B74.1&XK9K/BA00.Z. Alama hizo mbili si mapambo. & huunganisha nyongeza na shina lake, yaani msimbo mkuu wa ugonjwa, / huunganisha shina na shina. Ukiandika 9B74.1/XK9K umefanya upande uwe ugonjwa unaojitegemea, na programu itakataa. XK9K peke yake haiwezi kusimama. Ni kama kusema "kulia" bila kusema kulia kwa nini.

Misimbo ya ICD-11 haitumii herufi O wala I, kwa hiyo ule ubishi wa "hii ni sifuri au O" unakwisha. Na alama ya pili siku zote ni herufi, si tarakimu, kwa hiyo 9B74 haiwezi kuchanganywa na H34 hata kwenye karatasi iliyopigwa fotokopi mara tano. Kifaa cha kutafutia misimbo cha WHO ni bure, na kipo pia kwa namna ya kuwekwa kwenye kompyuta ya hospitali na kutumika bila mtandao. Kwa vituo vya Makete, Ludewa au Chunya ambako mtandao unakuja na kuondoka, hilo si jambo dogo.

Lakini 9B74.1 nayo haitofautishi vena kuu na tawi kwenye shina. Kwa hiyo hata ukihamia ICD-11 kesho, yale maneno matatu ya pembeni hayaondoki.

Basi uchague upi?

Kama mfumo wa hospitali na fomu ya madai vinasoma ICD-10 ya WHO, andika H34.8 na maneno yake. Usichovye mkia wa Marekani hata kama unaona unafaa zaidi. Msimbo sahihi kwenye orodha isiyo yake ni msimbo uliokosewa. ICD-10-CM iwe kwa anayelipa au anayepokea takwimu kwa orodha hiyo tu, na iandikwe kwenye karatasi yake, si kwenye faili la kudumu la mgonjwa. ICD-11 ianze kuzoewa sasa kwenye rejista ya kliniki ya macho, kwa safu ya ziada pembeni ya H34.8, siku mfumo utakapobadilishwa, kliniki itakuwa na data ya nyuma inayohamishika. Hesabu ya haraka: atakayeanza na safu hiyo leo atahamisha mistari kwa kunakili, asiyeanza atafungua mafaili moja moja.

Ngazi ya huduma nayo inaamua. Zahanati ya Rungwe au Mbarali inampokea mtu aliyeamka asubuhi haoni kwa jicho moja, na hakuna dawa ya kutanua mboni wala kifaa cha kuangalia nyuma ya jicho. Hapo H34.8 ni kubahatisha. Hata H34.9, "kuziba kusikobainishwa", bado inadai kwamba kuna kilichoziba. Msimbo wa haki ni H53.1, ambao ndani yake mna kupoteza uoni ghafla, pamoja na barua ya rufaa ya siku hiyohiyo yenye saa ambayo uoni ulipotea. Msimbo unaandika kile kilichojulikana mahali pale, siku ile. Akifika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya na retina ikaonekana, ndipo H34.8 inaandikwa, na H53.1 inabaki ilipo kwenye rekodi ya zahanati. Haikuwa kosa.

Kwa ripoti ya mwezi ya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, ambayo hukusanya magonjwa kwa makundi makubwa, tofauti ya vena kuu na tawi itapotea hata hivyo. Hiyo isiwe sababu ya kuandika ovyo kwenye rejista: ripoti ni kijiko, rejista ndiyo chungu.

Magonjwa yanayofanana nayo

Presha inaharibu retina kwa namna mbili, na zina misimbo miwili. Mabadiliko ya retina ya presha kwa kawaida huwa macho yote mawili na huandikwa H35.0. Vena iliyoziba kwa kawaida ni jicho moja: damu robo zote nne ikiwa ni vena kuu, robo moja ikiwa ni tawi, mara nyingi kuanzia pale ateri inapovuka juu ya vena. Damu ya tawi haivuki mstari wa katikati wa retina. Daktari akiandika "retinopathi ya presha na tawi limeziba", andika zote mbili, H34.8 kwanza ikiwa ndiyo iliyomleta kliniki, kisha H35.0 na I10.

Kisukari ndicho kinachosumbua zaidi. Mgonjwa wa kisukari aina ya pili mwenye damu kwenye retina huandikiwa E11.3 yenye alama ya kisu (†) na H36.0 yenye alama ya nyota (*). Kisu ni chanzo na hutangulia. Nyota ni mahali ugonjwa ulipojitokeza na haisimami peke yake. Lakini kisukari hakimzuii mtu kupata vena iliyoziba. Jicho la kushoto likiwa na madoa machache na la kulia limejaa damu robo zote nne, hayo ni magonjwa mawili: E11.3, H36.0, na H34.8. Ukiacha H34.8 kwa kudhani kisukari kimeshaeleza yote, umemfuta mgonjwa mmoja wa vena, na sindano alizopewa zitahesabiwa kwa ugonjwa usio wake.

Glakoma iliyotokana na mishipa mipya ni H40.5, na H34.8 inafuata kama chanzo. Wiki mgonjwa alipokuja kwa maumivu na presha ya jicho, H40.5 inatangulia. Ziara inayofuata ya kudungwa sindano kwa ajili ya makula, H34.8 inarudi mbele. Ugonjwa mkuu ni ule uliodai huduma siku hiyo, si ule ulioanza zamani.

Damu iliyoingia kwenye ute wa jicho ni H43.1. Tazama tarakimu: H34 na H43. Kugeuza hizi mbili ni kosa la vidole linalotokea kila mahali, na kompyuta haitalikamata kwa sababu H43.8 nayo ni msimbo halali, wa magonjwa mengine ya ute. Anayeingiza data asome kwa sauti jina linalotokea kwenye skrini, si namba aliyopiga.

Na upofu: jicho moja likibaki chini ya 3/60 (haliwezi kuona kwa mita 3 kile ambacho jicho zima linaona kwa mita 60) wakati jingine linaona, msimbo ni H54.4, upofu wa jicho moja. H54.0 ni upofu wa macho yote mawili. Mtu wa Kyela anayeendesha bodaboda kwa jicho lake zima asiandikwe kipofu kwenye rekodi ya serikali. Kipimo cha uoni cha kila jicho kiandikwe kwa namba karibu na msimbo, 6/60, 3/60, au kuhesabu vidole kwa umbali gani, ili mwingine aweze kuhakikisha.

Kusafisha rekodi za nyuma

Kliniki inayotaka kujua ina wagonjwa wangapi wa vena isianze na H34.8. Ianze na H34.1. Toa mafaili yote yenye msimbo huo kwa miaka miwili iliyopita na usome maelezo ya retina. Palipoandikwa "damu zimetapakaa", "vena zimevimba" au "makula imevimba", na palipo na sindano zilizorudiwa mwezi kwa mwezi, hiyo ilikuwa vena. Kisha fanya hivyohivyo kwa H43.8. Marekebisho yafanywe kwa mstari mmoja juu ya msimbo wa zamani, msimbo mpya pembeni, tarehe na saini. Usifute kwa wino mweupe, na usibadilishe dai lililokwisha kulipwa bila kuwaarifu wahusika wa bima. Faili ambalo maelezo yake yanasema "mshipa" tu na hakuna mchoro wala picha ya retina, lirudi kwa daktari. Kama hata yeye hawezi kusema tena ilikuwa ateri au vena, msimbo wake wa haki ni H34.9.